Kufuli la Kivinjari Linathibitisha Nini Unapoingia Benki Mtandaoni

Kufuli ni alama ambayo vivinjari vimezoea kuiweka kando ya anwani ya tovuti, na maana yake ni finyu kuliko wateja wengi wa benki wanavyodhani. Huonyesha kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamesimbwa, hivyo anayechungulia Wi-Fi ya hoteli hawezi kusoma nenosiri lako, na kwamba tovuti ina cheti cha kidijitali kilichotolewa kwa anwani hiyohiyo na mamlaka ya vyeti, yaani shirika la kutoa vyeti linaloaminiwa na kivinjari. Kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, halisemi lolote. Tangu mamlaka ya vyeti iitwayo Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti bila malipo mwaka 2015, yeyote mwenye anwani hupata cheti kwa dakika chache, matapeli wakiwamo. Kwa sababu hiyo Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwezi Septemba 2023, na nadhani ilichelewa.

Kinachostahili kusomwa ni anwani yenyewe. Tuseme umetumiwa kiungo hiki: https://benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia. Jicho hukimbilia mwanzo, likaona jina la benki, likaridhika. Lakini mwenye tovuti hutambuliwa kwa kutafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha kusoma kurudi kushoto: hapa ni hakiki-akaunti.com, na yote yaliyotangulia ameyabandika mwenye anwani hiyo apendavyo. Benki inayowatumia wateja viungo vya kuingilia kwa ujumbe mfupi inawazoesha kubofya bila kusoma, na hilo ni kosa kubwa.

Vyeti navyo vimewahi kughushiwa. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika mitambo ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti, wakajitengenezea mamia ya vyeti, kikiwamo cha jina la Google kilichotumika kuwapeleleza watu nchini Iran. Vivinjari viliacha kuiamini kampuni hiyo, nayo ikafilisika mwezi Septemba mwaka uleule. Tangu mwaka 2018 Chrome hudai kila cheti kipya kiandikwe kwenye daftari la wazi, ambamo benki inaweza kugundua cheti kilichotolewa kwa jina lake bila idhini.

Kwa mteja, msaada wa karibu zaidi ni programu ya kutunza manenosiri iliyomo ndani ya kivinjari, kwa kuwa hulinganisha anwani herufi kwa herufi kabla ya kujaza chochote. Ikikataa kujaza nenosiri ililolijaza siku zote, funga ukurasa huo, kisha andika anwani ya benki kwa mkono wako mwenyewe.