Asteroidi Ikivuma Kwenye Habari, Tuielewe Vipi?

Februari 2025, asteroidi 2024 YR4, jiwe linalozunguka Jua, iliwatia watu hofu. Uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1, na sehemu za Afrika zilikuwa kwenye ukanda ambao ungeweza kuangukiwa. Muda si muda uwezekano huo ukashuka hadi karibu sufuri. Kwa mwananchi wa kawaida, ni rahisi kudhani kuna jambo lilifichwa. Hakuna lililofichwa, na naomba tulielewe hili vizuri kwa sababu litatokea tena.

Jiwe hilo liligunduliwa kwa darubini nchini Chile tarehe 27 Desemba 2024. Vipimo vya siku chache haviwezi kuonyesha kwa usahihi litakapokuwa miaka minane baadaye. Hutoa ukanda mpana ambamo linaweza kupita, na Dunia ni nukta tu ndani yake. Kila vipimo vinapoongezeka, ukanda unasinyaa. Maadamu Dunia bado imo, asilimia inapanda, kwa kuwa nukta ni ileile na nafasi iliyoizunguka imepungua. Ukisinyaa zaidi Dunia ikabaki nje, asilimia inaporomoka. Kupanda kule kulikuwa hesabu sahihi kwa vipimo vilivyokuwapo.

Asteroidi ni mabaki ya enzi sayari zilipoundwa, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, na nyingi huzunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Vipande vyake hufika hata kwetu. Tarehe 16 Julai 2011 vimondo vilianguka eneo la Thika, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Kimondo cha aina hiyo kina ganda jembamba jeusi lililoungua angani. Ndani ni kijivu, kikiwa na chembe za chuma zinazometameta. Ukikipata, kipige picha kilipo, usikioshe, kisha ukipeleke kwa wanajiolojia. Tafadhali usikijaribu kwa sumaku: utafuta alama za usumaku wa kale zinazotueleza jinsi mfumo wa Jua ulivyoanza.

Lililotokea Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013 linatuhusu sana sisi wa maghorofa ya vioo. Jiwe la mita 20 hivi lililipuka angani. Zaidi ya watu 1,000 waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha. Mwanga hutangulia, mshindo hufuata baadaye. Ukiona mmuliko wa ajabu angani, kaa mbali na dirisha.

Kinga nayo ipo. Tarehe 26 Septemba 2022 Marekani iligongesha chombo cha angani cha DART kwenye Dimorphos, asteroidi ya mita 160 hivi inayozunguka asteroidi kubwa zaidi, na mzunguko wake wa karibu saa 12 ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Lakini kuisukuma asteroidi kando kunahitaji miaka ya maandalizi, ndiyo maana fedha za darubini za kuzitafuta mapema si anasa.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, 14 Aprili 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, karibu kuliko satelaiti za televisheni. Haitatugonga. Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako itaonekana kwa macho matupu. Nairobi wakati huo ni masika, na mawingu yanaweza kutunyima, kwa hiyo shule zinazoweza kusafirisha wanafunzi zianze mapema kufikiria Samburu au Turkana.