Je, tabia ya mtu huganda akiwa na miaka mitano?

Wengi husema samaki mkunje angali mbichi, kisha hutaja jina la Sigmund Freud ili ionekane sayansi imethibitisha: ukivuka miaka 5 au 6, tabia imeshaganda. Haijathibitisha.

Freud, daktari wa Vienna, aligawa ukuaji katika hatua: ya mdomo, ya haja kubwa, ya sehemu za siri, kipindi cha utulivu, kisha kubalehe. Aliamini mtoto akikwama mahali, alama hubaki. Lakini nadharia hiyo aliijenga zaidi kwa kuwasikiliza watu wazima wakisimulia utoto wao. Hata “Hans mdogo”, mtoto aliyeogopa farasi hadi akasita kutoka nje, Freud alikutana naye kwa matibabu mara moja tu. Habari nyingine zilitoka kwa baba mtu, naye alikuwa mfuasi wa Freud! Ushahidi huo ni mwembamba mno kubeba maisha ya mtu mzima. Ile dhana kwamba kufundishwa choo kwa ukali humfanya mtu bahili ukubwani, nayo haijapata uthibitisho wa maana.

Mateso ya utotoni huongeza hatari ya matatizo baadaye, hilo halina ubishi. Ila Erik Erikson, mwanasaikolojia wa mkondo huohuo wa Freud, mwaka 1950 alieleza hatua 8 za ukuaji zinazofika hadi uzeeni. Na uchambuzi wa mwaka 2006, uliokusanya sampuli 92 za watu waliofuatiliwa kwa muda mrefu, ulikuta kwamba watu kwa wastani huzidi kuwajibika na kutulia kihisia, hasa kati ya miaka 20 na 40.