Mbwa Anayetapika na Kuhara Vibaya: Maswali na Majibu kwa Wenye Mbwa

Katika maboma mengi, kuanzia Njoro na Rongai hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma, mbwa hula kinachobaki: ugali uliolala, mchuzi wa omena, vichwa vya samaki na mifupa kutoka kwa bucha. Kwa mlo wa namna hiyo si ajabu tumbo lake kuchafuka mara kwa mara, na mara nyingi hupona bila dawa yoyote. Hata hivyo, kuna kutapika na kuhara kunakoweza kumuua mbwa kwa siku mbili au tatu, na mwenye mbwa asipoitambua tofauti hiyo mapema humfikisha kwa daktari akiwa amechelewa. Majibu yafuatayo yanahusu zaidi saa za kwanza nyumbani, kwa kuwa ndizo zinazoamua mengi.

Nitajuaje kama tumbo limechafuka tu au ni hali ya hatari?

Mtazame mbwa mwenyewe kabla ya kutazama kinyesi chake. Mbwa aliyekomaa aliyetapika mara mbili tatu, lakini bado anatikisa mkia, anakuja akiitwa na anakunywa maji yakakaa tumboni, anaweza kuangaliwa nyumbani kwa siku moja. Mbwa aliyelala pembeni bila kujali chochote ni mgonjwa sana, hata kama amehara mara moja tu.

Kisha mpime. Inua mdomo wake wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pale palipobonyezwa pawe peupe, halafu uachilie. Kwa mbwa asiye mgonjwa, rangi ya waridi hurudi kabla ya sekunde 2 kwisha, na ufizi huwa na unyevu unaoteleza. Ufizi unaonata kidoleni unaonyesha kwamba maji yamepungua mwilini, na ufizi mweupe, wa kijivu au wa manjano hauwezi kungoja kesho. Kwa mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili, vuta kidogo kope la chini la jicho uangalie rangi ya ndani. Pia vuta ngozi ya juu ya mabega kisha uiachie: ikibaki imesimama badala ya kurudi mara moja, maji yamepungua, ingawa kwa mbwa mzee au aliyekonda kipimo hiki hudanganya.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja ukiona damu katika matapishi au kinyesi, iwe nyekundu au nyeusi kama lami. Akitapika hata maji matupu. Akitetemeka au kuanguka. Au akiwa mtoto wa mbwa, mbwa mwenye mimba au mbwa mzee. Kuna hali nyingine ambayo wengi hawaijui: mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kwa mfano jamii ya German Shepherd, anayejaribu kutapika bila kutoa kitu huku tumbo likijaa hewa na kuwa gumu kama ngoma. Tumbo la mbwa huyo huenda limejisokota, na anahitaji upasuaji katika saa chache. Hakuna dawa ya nyumbani inayolisokotoa.

Kwa nini kuhara kunamuua mbwa haraka hivyo?

Kinachoua mara nyingi ni upotevu wa maji na chumvi za mwili. Ngozi inapoanza kuchelewa kurudi, mbwa huwa amekwisha kupoteza takriban asilimia 5 ya uzito wake kwa njia ya maji. Kwa mbwa wa kilo 10 hiyo ni nusu lita, juu ya maji anayohitaji kila siku hata akiwa mzima, ambayo pia ni kama nusu lita. Upotevu ukikaribia asilimia 10 na zaidi, damu haizunguki vizuri, figo hukosa damu ya kutosha, miguu hupoa na mbwa huzimia. Ndiyo maana daktari huanza na dripu kabla hata hajamaliza kutafuta chanzo cha ugonjwa, na ndiyo maana namsihi kila mwenye mbwa afikirie maji kwanza, dawa baadaye.

Nimpe nini nyumbani kabla ya kufika kwa daktari?

Mpe maji yenye chumvi na sukari, yale yale tunayowapa watoto wanaohara. Pakiti za ORS za duka la dawa zinafaa, mradi uzichanganye na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Usipokuwa nazo, chemsha lita moja ya maji, yapoe, kisha uyeyushe ndani yake vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi isizidi hapo.

Kosa kubwa ni kumwekea bakuli lililojaa. Mbwa mwenye kiu hulilamba lote kwa pupa, tumbo linatanuka, na dakika chache baadaye anatapika zaidi ya alichokunywa. Akiwa ametoka kutapika, mpumzishe kwa saa moja, kisha mpe vijiko vichache vya chakula vya maji hayo kila baada ya dakika 15 au 20, ukiongeza kidogo kidogo yanapokaa. Akikataa kunywa, usimshike kichwa ukamminia kwa chupa, kwa sababu maji yakiingia mapafuni unamwongezea ugonjwa mwingine. Anayekataa maji anahitaji dripu.

Kuhusu chakula, mbwa aliyekomaa anayetapika anaweza kukaa bila kula kwa saa 6 hadi 12. Anayehara bila kutapika hahitaji kunyimwa chakula. Mtoto wa mbwa asishindishwe njaa kabisa, kwa kuwa sukari ya mwili wake hushuka haraka. Akiwa mlegevu, mpake glukosi au asali kidogo kwenye fizi, mfunike kwa leso apate joto, na safari ya kwenda kwa daktari ianze. Kutapika kukitulia, mpe wali laini uliochanganywa na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mafuta, sehemu mbili za wali kwa sehemu moja ya nyama, bila chumvi wala kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mtu wa kando ya ziwa anaweza kutumia minofu ya ngege (tilapia) iliyochemshwa, ila aichambue kwa vidole hadi ahakikishe hakuna mwiba. Mgawie mara nne hadi sita kwa siku, kisha urudishe chakula chake cha kawaida taratibu kwa siku tatu au nne. Maziwa yaache, kwani mbwa wazima wengi hawayameng'enyi vizuri na huhara zaidi.

Je, ninaweza kumpa dawa za watu zilizobaki nyumbani?

Hapana. Hapa ndipo mbwa wengi ambao wangepona wanapopotea, na inasikitisha kwa sababu mwenye mbwa huwa anafanya hivyo kwa upendo. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hazikosekani katika nyumba zetu, hutoboa vidonda katika tumbo la mbwa na kuziumiza figo, hasa figo ambazo tayari zimekosa maji. Paracetamoli huweza kuharibu ini lake. Dawa za kufunga tumbo huzuia kutoka kwa sumu na vijidudu ambavyo mwili unajaribu kuvitoa. Metronidazoli hutumiwa na madaktari wa mifugo, lakini kwa kipimo cha uzito. Ikizidi, mbwa huyumba na kupata degedege. Dawa za minyoo za ng'ombe nazo zisikadiriwe kwa macho, kwani ivermektini iliyotengenezwa kwa ng'ombe ina nguvu ambayo tone chache tu za ziada zinaweza kumpofusha mbwa mdogo au kumtia katika usingizi asioamka.

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anatapika na kuhara damu yenye uvundo mkali. Ni nini?

Mpaka daktari aseme vingine, mhesabu kuwa ana parvo. Kirusi hiki kilitambuliwa kwa mbwa mwaka 1978 na hushika zaidi watoto wa wiki 6 hadi miezi 6 ambao hawajakamilisha chanjo. Hushambulia seli zinazogawanyika haraka, yaani zile za utando wa utumbo na za uboho wa mifupa, hivyo utumbo huvuja na kinga ya mwili hushuka kwa wakati mmoja. Hakuna kidonge cha nyumbani kinachokiua. Matibabu ni dripu, dawa za kuzuia kutapika, antibayotiki za kuzuia bakteria walioingia kwenye damu, na chakula kidogo mapema iwezekanavyo. Wasiotibiwa wengi hufa, na wanaotibiwa mapema wengi hupona. Anayevuka siku tatu au nne za kwanza za matibabu ana matumaini mazuri.

Minyoo ya safura nayo huleta kinyesi cheusi chenye damu na fizi nyeupe kabisa, na mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, jambo ambalo haliwezi kuamuliwa kwa kuangalia tu.

Parvo haimpati binadamu, lakini hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Sabuni peke yake haitoshi. Ondoa kinyesi kwanza, osha sakafu, kisha upake jiki (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) sehemu moja kwa sehemu 20 za maji na uiache kwa dakika 10. Ua wa udongo hausafishiki hivyo, kwa hiyo usilete mtoto mwingine asiyechanjwa mahali hapo.

Mbwa hula kila kitu. Ni vyakula gani hasa vinavyomdhuru?

Mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, unaouzwa Obunga na kwingineko Kisumu ni chakula cha bei nafuu, lakini miiba ya sangara iliyokaangwa huwa mikavu na huchoma koo na utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Machicha ya pombe yana kileo, na mbwa hulewa hadi kupumua kwa shida.

Hatari inayonisumbua zaidi ni mahindi yenye ukungu. Baada ya mavuno yaliyonyeshewa, mahindi yaliyooza hutengwa, husagwa, na unga wake hupikiwa mbwa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya. Moto wa jikoni hauimalizi, na mbwa huathirika nayo kwa urahisi kuliko ng'ombe. Hukataa chakula, hutapika, kisha macho na fizi huwa za manjano, mkojo huwa wa rangi ya chai, na damu huanza kutoka. Ini linapofikia hapo, uwezekano wa kumwokoa ni mdogo. Mahindi ambayo huwezi kuwapikia watoto wako usimpikie mbwa.

Anatokwa na mapovu, anatetemeka na kuhara. Je, amelishwa sumu?

Inawezekana. Dawa nyingi za kuua wadudu shambani na za kuogeshea mifugo dhidi ya kupe husababisha mate mengi, machozi, kuhara, mboni ndogo na misuli kutetemeka. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, usimpe mafuta ya kupikia wala maziwa, kwa kuwa mbwa anayetetemeka huvuta vitu hivyo mapafuni. Ikiwa dawa imemwagika kwenye manyoya, muoshe kwa sabuni ukiwa umevaa glavu. Beba chupa au karatasi ya dawa hiyo uende nayo, kwani jina lililoandikwa pale ndilo litakalomwelekeza daktari kwenye kiuasumu.

Mate mengi yana maana nyingine pia. Mbwa ambaye taya limelegea, hawezi kumeza na amebadilika tabia anaweza kuonekana kama aliyekwamwa na mfupa, kumbe ana kichaa cha mbwa. Usiingize mkono mdomoni mwake. Mfungie peke yake ikiwezekana bila kumgusa, na uwaarifu maafisa wa mifugo wa kaunti ndogo. Mtu aliyeng'atwa au aliyeguswa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo.

Daktari atataka kujua nini?

Umri na uzito wa mbwa, chanjo alizopata na tarehe zake, kutapika kulianza lini na ni mara ngapi, alikula nini siku mbili zilizopita, na dawa zote ulizompa, hata zile unazoona aibu kuzitaja. Picha ya kinyesi kwenye simu husaidia sana. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mwenye ujuzi, lakini kuuza dawa si kutibu. Sheria ya mwaka 2011 inawataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wasajiliwe na Kenya Veterinary Board, bodi inayosimamia kazi yao nchini Kenya, na si utovu wa adabu kumwomba mtu akuonyeshe leseni yake.

Amepona. Nifanye nini sasa?

Aliyepona parvo aendelee kutengwa na mbwa wengine kwa wiki mbili au tatu, kwa kuwa bado hutoa virusi kwenye kinyesi. Watoto wa mbwa huanza chanjo wakiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wafikishe wiki 16, kwa sababu kinga waliyonyonya kwa mama yao huweza kuzuia chanjo za mwanzo zisifanye kazi. Sindano moja tu ya mwanzo haimtoshi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 2, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na baada ya hapo kila miezi mitatu, na kinyesi kifukiwe mbali na mahali watoto wanapochezea, kwani minyoo ya mbwa huingia pia kwa watu.