Hamu ya kuitika ni nini?

Hamu ya kuitika ni ile hamu ya unyumba isiyokuja yenyewe. Mtu amekaa, wala hawazi jambo hilo, hana kinyongo na hana kiu. Mwenziwe anamsogelea taratibu, wanazungumza, mkono unapita mgongoni, na hapo ndipo mwili unaitika na moyo ukafuata. Nyingine ni hamu ya kuzuka, inayompata mtu ghafla akiwa sokoni au njiani, bila kuguswa na yeyote. Zote mbili ni hamu kamili, ila wengi wetu tumelelewa kuitambua hii ya kuzuka peke yake.

Wachukue mume na mke wa Mkomani, Lamu, wenye watoto watatu na ndoa iliyokwisha kupoteza ugeni. Mume anaona kila mara ni yeye anayeanza. Mke hamkatai kwa ubaya, na wakishaingia hufurahi, tena pengine kumshinda yeye. Lakini kwa kuwa hakuanza, mume anajiambia: hanitaki tena, au yuko mtu. Mke naye, akisikia shoga zake wakicheka kwenye hina, anajiuliza mbona mwili wake umekufa. Haujafa. Kwa mume hamu hutangulia, kwa mke hufuata, na hakuna aliyewaambia kuwa mambo huweza kuwa hivyo.

Hata wataalamu walichelewa kuliona. Mwaka 1966 William Masters na Virginia Johnson wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa maabara kwa wanawake 382 na wanaume 312. Walitaja hatua nne za mwili katika unyumba: msisimko kupanda, msisimko kukaa juu, kilele, kisha kupoa. Hamu haikuwemo. Katika miaka ya 1970 Helen Singer Kaplan, daktari wa akili wa Marekani, akaiongeza, akaiweka mwanzo, na mpangilio ukawa mmoja kwa watu wote: utamani, usisimke, ufike. Ndipo mwaka 2000 Rosemary Basson, daktari wa Vancouver nchini Kanada, akaandika kwamba wanawake wengi walio katika ndoa ndefu hawafuati mpangilio huo. Huanza wakiwa shwari. Hukubali ukaribu kwa sababu nyingine, kama kutaka kubembelezwa au kupatana baada ya siku ngumu, na hamu huwakuta katikati, msisimko ukishaanza. Wapo wanaume wa namna hii pia, hasa umri ukisogea, ingawa hilo hutalisikia barazani.

Kwa watu wa Lamu nadharia hii haipaswi kuwa ngeni sana. Somo anayemwandaa bi harusi anajua fika kwamba mwili huandaliwa. Anamsugua singo, anafukiza udi kwenye chetezo mpaka nguo na nywele zinashika harufu, anatandika asumini kitandani. Hakuna anayedhani kwamba bi harusi asiye na hamu ya kuzuka saa ile ana kasoro. Anapewa muda na mwili wake unapewa sababu ya kuitika. Lawama yangu kwa mafunzo hayo ni mbili. Yameelemea upande mmoja: mke hufunzwa kumpendeza mume usiku na mchana, lakini mume akifunzwa ni maneno machache ya juu juu, tena kwa mzaha. Halafu fungate ikiisha chetezo hurudi kabatini, kikatolewa tena siku ya Idi au ya harusi ya watu.

Upande wa pili wa jambo hili ni vizuizi. John Bancroft na Erick Janssen, watafiti wa taasisi ya Kinsey ya Marekani inayochunguza mambo ya unyumba, walieleza kwamba kila mtu ana mambo mawili ndani yake, kichocheo na breki, na watu hutofautiana kwa wepesi wa kila kimoja. Breki ikiwa imekanyagwa, kuzidisha mafuta ni kuunguza injini. Deni, hofu ya mimba, ugomvi wa jioni usiokwisha, mama mkwe aliye macho: hizo zote ni breki. Katika nyumba za kale za mji wa Lamu vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, na mara nyingine kinachotenga ni pazia. Mke anayesikiliza kikohozi cha mtoto hawezi kuitika, hata akifukiziwa udi wa tola ngapi. Hapo msaada wa mume ni kumlaza mtoto, kuosha vyombo, au kumaliza ule ugomvi kabla taa haijazimwa.

Na kupanga si aibu. Watu husema unyumba wa kupangiwa siku hauna ladha, lakini hao hao hutaniana juu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na fungate yenyewe ilipangwa miezi kabla. Mwenye hamu ya kuitika hunufaika sana akijua mapema, kwa kuwa anapata nafasi ya kuacha shughuli za mchana zimtoke kichwani.

Kuitika, hata hivyo, si kushurutishwa. Aliyekaza mwili akingoja liishe hajaitika, na kunyamaza kwake si ridhaa. Ukaribu ukianza, aweze kusema "basi, leo tulale" na asinuniwe asubuhi. Pasipo uhuru huo kila mkono unaomgusa humtia wasiwasi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa waziwazi.

Mara nyingine mwili hauitiki hata utulivu na mapenzi vikiwepo. Anayenyonyesha, au aliyekoma hedhi, huweza kuwa mkavu na kuumia; kilainishi cha maji kutoka duka la dawa husaidia, na maumivu yasiyokwisha ni ya kupelekwa kwa daktari. Baadhi ya dawa za presha na za sonona hupunguza hamu. Kwa mwanamume, sukari huharibu mishipa na neva, na uume kushindwa kusimama huweza kuwa dalili ya mwanzo ya ugonjwa wa moyo. Wengi hukimbilia dawa za nguvu za kichupa. Vipimo katika nchi mbalimbali vimekuta baadhi ya dawa zinazoitwa za mitishamba zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, zinazotanua mishipa, akizichanganya nayo, presha yake huweza kushuka ghafla hadi kumuua. Akienda kliniki achukue dawa zake zote, pamoja na hicho kichupa alichomficha mkewe.