Damu Ilikuwa Nzuri, Mbona Presha Imepanda?

Priklampsia ni nini?
Ni presha ya 140/90 au zaidi inayoanza baada ya wiki 20 za ujauzito, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba figo, ini au ubongo vimeguswa. Ikifikia degedege, ndicho kifafa cha mimba.

Kwenye kipimo cha damu cha priklampsia wanatafuta nini?
Protini mbili za kondo la nyuma. PlGF husaidia mishipa ya damu. sFlt-1 huidaka PlGF isifanye kazi. Kondo likielemewa, PlGF hushuka na sFlt-1 hupanda, mara nyingi kabla presha haijapanda. Mjamzito akishukiwa, sFlt-1 hugawanywa kwa PlGF. Ikitoka 38 au chini, uwezekano wa kupata priklampsia ndani ya wiki 1 ni mdogo sana.

Basi niko salama mpaka nijifungue?
Hapana. Wiki moja, mama, si miezi. Wajawazito wanakuja na karatasi ya majibu imekunjwa vizuri mkobani, uso umevimba, pete haitoki kidoleni, kichwa kinagonga tangu juzi. "Lakini damu yangu ilikuwa nzuri." Ilikuwa, wiki tatu zilizopita!

Nikimeza dawa ya maumivu nikasubiri asubuhi?
Usisubiri. Kichwa kisichoachia, macho kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu za kulia (hawa ndio wanaomeza dawa za vidonda vya tumbo, jamani): njoo upimwe presha saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Hata kama majibu ya damu yalikuwa mazuri. Hasa kama yalikuwa mazuri, maana ndiyo yanayokulaza nyumbani.

Kupima mapema kuna faida?
Ipo. Wiki ya 11 hadi 13, PlGF ikiunganishwa na presha, historia yako na ultrasaundi ya mishipa ya mji wa mimba, huonyesha nani yuko hatarini. Huyo daktari humwanzishia aspirini ya dozi ndogo, vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16. Usijinunulie.

Kama kipimo hicho hakipatikani?
Presha na mkojo kila hudhurio. Ukiruka kliniki, hata vipimo hivyo viwili umevikosa.

Nikishajifungua yamekwisha?
Bado. Inaweza kujitokeza hata wiki 6 baadaye. Kichwa kikigoma kupoa, mpe mtu kichanga amshike, uje.