Mwanafunzi wa jamii ya wachache na chama cha chuo: ukimya si uvivu

Yupo mwanafunzi anayefaulu vizuri kwa lugha ya chuo, lakini kwenye chama cha wanafunzi hafungui mdomo mwaka mzima. Viongozi husema hana moyo wa kushiriki. Mara nyingi wanakosea. Mhadhara una mpangilio, na asichokielewa atakisoma tena baadaye. Soga haina hisani hiyo: utani unapita haraka, watatu wanaongea kwa pamoja, na akimaliza kupanga sentensi kichwani, hoja imeshahama. Siku akithubutu, mmoja anaiga lafudhi yake, wengine wanaangua kicheko. Kikao kijacho hamumwoni.

Malezi nayo yamo. Aliyefundishwa kwamba mdogo hasemi mpaka aulizwe hatanyoosha mkono kwa sababu tu mwenyekiti ametangaza "mwenye maoni aseme". Wengine hukwazwa na ratiba: sherehe zote ni za pombe, au mikutano inaangukia siku yao ya ibada.

Wanafunzi hawa wakianzisha chama chao huambiwa wanajitenga. Lawama hii ni nyepesi mno. Alpha Phi Alpha, chama cha udugu cha wanafunzi, kilianzishwa na wanafunzi weusi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1906, enzi ambazo vyama vya wazungu havikuwapokea. Mwaka 1975 mtafiti wa elimu Vincent Tinto alieleza kuwa mwanafunzi asiyeungana na maisha ya chuo yuko katika hatari ya kuacha masomo, na wapo waliomwelewa kwamba ni lazima mtu aache ya kwao. Utafiti wa Hurtado na Carter wa mwaka 1997, kuhusu wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ulionyesha picha nyingine: waliokuwa kwenye vikundi vya dini na vya kijamii ndio waliojiona zaidi kuwa sehemu ya chuo.

Kwa vyama vya jumla, tumeni ajenda mapema ili mtu aje amejiandaa. Pokeeni maoni ya maandishi, na mwenyekiti apitishe zamu ya kusema. Yaliyoamuliwa usiku kwenye kundi la WhatsApp yarudi kikaoni kabla ya kutekelezwa. Na hili la kuwakumbuka wanafunzi hawa siku ya utamaduni tu, wacheze ngoma na kupika, huku ukatibu na uhazini ukizunguka kwa watu walewale, linakera. Uchaguzi ujao wapendekezeni majina yao, baada ya kuwauliza.