Kioo mara nyingi kinasingiziwa: dhana potofu kuhusu laptopu inayochora mistari kazi ikiwa nzito

Laptopu inafungua barua na kurasa za intaneti bila shida. Ukianza kutoa faili la mwisho la video ya harusi ya saa mbili uliyohariri, au ukiingia kwenye mchezo mzito, skrini inajaa mistari, inatapakaa mabaka ya zambarau, au inazima kidogo na kurudi. Kabla hujaipeleka kwa fundi mjini, pima kwanza mambo haya.

“Mistari maana yake kioo kimekufa”

Dhana hii ndiyo inayokula pesa nyingi zaidi: kioo kinabadilishwa, mistari inabaki palepale. Picha husafiri kabla haijafika machoni. Chipu ya michoro huiunda, huihifadhi kwenye kumbukumbu yake, kisha huituma kwa waya mwembamba unaopita kwenye bawaba hadi kwenye kioo. Tafuta inaharibikia wapi.

Mistari ikiwa bado ipo, piga picha ya skrini (Windows + PrtSc) uitume kwenye simu. Ikiwa mistari imo ndani ya picha hiyo, kioo hakina kosa. Shuku chipu, kumbukumbu yake au draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu hiyo). Picha ikiwa safi, usihukumu bado. Unganisha televisheni kwa waya wa HDMI na urudie kazi ileile kwa dakika 20. Televisheni ikibaki safi huku skrini ya laptopu ikiharibika, basi uwezekano mkubwa ni waya au kioo. Sasa fungua na ufunge mfuniko polepole. Picha ikibadilika kwa kila pembe, ni waya wa bawaba, na waya ni rahisi kuliko kioo.

Mbona waya uwe mgonjwa kazi ikiwa nzito tu? Laptopu nyingi hupumulia hewa moto nyuma, karibu na bawaba, na kiunganishi kilicholegea hupoteza mguso kikipata joto. Hapa pwani ongeza hewa ya chumvi, inayoota kutu ya kijani kwenye viunganishi vya shaba. Kama skrini yako ni ya hezi 144 (yaani hubadilisha picha mara 144 kwa sekunde), ishushe hadi 60: waya dhaifu hushindwa na mzigo mkubwa wa data lakini hubeba mdogo.

Ikibidi kioo kibadilishwe, hesabu pini za kiunganishi kwanza. Vioo vingi vya hezi 60 vina pini 30, vya hezi 120 na zaidi mara nyingi 40. Haviingiliani.

“Ni joto tu la Mombasa”

Joto lina sehemu yake. Chumba cha Nyali chenye nyuzi 32 mwezi wa Machi huanza na nyuzi 10 zaidi ya chumba chenye kiyoyozi cha 22, na chipu hupanda karibu kwa kiasi hichohicho. Lakini chipu isiyo na hitilafu ikipata moto kupita kiasi kwanza hujipunguzia kasi, nyingi zikikaribia nyuzi 87. Mchezo unakuwa mzito, wala hauchori mabaka. Tazama kipimo kwa programu kama HWiNFO. Mabaka yakitokea kwenye nyuzi 65, feni ya kuweka chini ya laptopu haitakusaidia.

Kosa linalosahaulika zaidi ni la baada ya usafi wa ndani ya laptopu. Juu ya kumbukumbu ya michoro hukaa vipande laini vya kupitisha joto. Fundi akivitupa na kupaka pesti ya kupitisha joto mahali pake, nafasi haijazibwa: chipu inasoma nyuzi 70, kumbukumbu inaungua. Akiweka vinene kuliko vya awali, kipozeo (chuma kinachoondoa joto) hakigusi chipu vizuri. Dai unene uleule. Pesti yenyewe ni ya chipu, safu nyembamba inayoifunika yote, baada ya kusafishwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ukipuliza vumbi, shika mapanga ya feni yasizunguke.

“Draiva mpya kabisa ndiyo dawa”

Wakati mwingine ndiyo ugonjwa. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudisha draiva ya awali. Skrini inayozima na kurudi ni dalili ya kawaida ya Windows kuianzisha upya draiva iliyokaa kimya zaidi ya sekunde 2. Lakini mistari ikionekana hata kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya msingi ya laptopu), kabla Windows haijawaka, acha kuhangaika na draiva.

“Chaja yoyote inayoingia inatosha”

Soma wati zake. Laptopu inayohitaji 180 ikipewa 65 itavuta betri kazini, itashuka kasi ghafla, na skrini inaweza kufifia au kucheza.

“Chipu ikichomwa kwa hewa moto inapona”

Huamka, kisha nyingi hurudi kulekule baada ya siku au wiki chache, kwa sababu joto limeshtua tu muungano uliokufa bila kuutengeneza. Usilipie kama matengenezo kamili. Kama laptopu ina chipu mbili za michoro, nakili kwanza faili zako, kisha zima ile kubwa kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows). Ile ndogo inatosha kwa maandishi na hesabu, lakini video za harusi zihamishie mashine nyingine.